Gari ya Yaqdhan Mlangoni Qurum

Assalaamu alaykum wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko njiani, na nyie mnaofungua maduka Sib. Leo tunamkumbuka Yaqdhan, mtu wa Hail. Amefariki wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo, umri wake miaka sitini na mbili. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nitasema wazi: alikuwa mlevi, akaacha. Miaka mitano hakuonja tone. Anayetaka nilifiche hilo afunge redio, ingawa yeye ndiye khasa ninayemtaka asikilize.

Mji huu tunajuana kwa magari. Yaqdhan alikuwa mkubwa serikalini, na gari yake nyeupe tuliijua mpaka nambari. Miaka kumi ilishinda nje ya hoteli moja ya Qurum yenye baa. Tuliiona, tukapita. Hatukusema kitu, maana sisi ni watu wa heshima.

Aliyesema ni fundi wa viyoyozi. Kamau, Mkenya, alifungua kiyoyozi cha chumbani kwa Yaqdhan akakuta chupa ndani. Akairudisha palepale. Akaandika nambari yake ya simu nyuma ya risiti. "Mzee," akamwambia polepole, "mimi yangu nilikuwa naificha kwa tangi la maji. Ukichoka, nipigie."

Yaqdhan akamfukuza. Fundi wa viyoyozi amfundishe yeye! Miezi miwili baadaye bintiye, Shurooq, alimkuta kaanguka bafuni, hajijui. Alipopata fahamu, kitu cha kwanza alichokitafuta ni ile risiti.

Kikundi cha kina Kamau cha walioacha pombe kilikutana kila Ijumaa saa kumi alasiri, Qurum, ng'ambo ya hoteli ile ile, katika chumba cha uani cha nyumba moja ambamo Wakenya Wakristo husali asubuhi. Siku ya kwanza Yaqdhan alikaa karibu na mlango, funguo mkononi, akiwadharau wote. Fundi, dereva, msusi. "Nlijiona nimetupwa jaani," alimwambia Shurooq. Millicent, yule msusi, alipoeleza kwa machozi jinsi alivyomsahau mwanawe shuleni, Yaqdhan alicheka puani.

Lakini alirudi. Wiki ya tatu Kamau akamkabidhi birika. "Hapa hakuna bosi, mzee. Leo chai ni yako."

Mtu ambaye kwake hakuwahi hata kuwasha jiko! Alichemsha majani mpaka chai ikawa chungu kama shubiri. Wakainywa yote, wakamshukuru. Siku hiyo aliona haya, na zamu ya chai ikawa yake tangu hapo.

Sasa sikilizeni uungwana wetu, wasikilizaji wapendwa. Gari ile ile iliyokaa hotelini miaka kumi bila neno, ilipoonekana wiki nne mbele ya nyumba ile, simu zililia mji mzima. Yaqdhan anakwenda kanisani! Yaqdhan kabadili dini! Na mwenyewe yuko uani, anasali alasiri yake kwanza ndipo apike chai.

Shurooq alikuwa kaposwa na kijana aitwaye Loai. Wazee wa Loai wakatuma neno: gari iondoke pale, au posa ivunjike. Ghassan, ndugu yake Yaqdhan, akaja na ufumbuzi wake. "Egesha hotelini, uvuke barabara kwa miguu. Pale hotelini hakuna atakayekuuliza."

Nairudia, msije mkadhani mmesikia vibaya. Hoteli ile ile. Kwenye baa ile ile. Hivyo ndivyo ndugu alivyomlinda ndugu yake.

Kwa ajili ya bintiye, Yaqdhan alikubali. Ijumaa mbili alivuka barabara. Ijumaa ya tatu hakuvuka. Kamau ndiye aliyekwenda kumtoa ndani, amelewa, analia.

Shurooq aliirudisha pete mwenyewe. "Mume ntapata mwengine," aliniambia juzi. "Baba nlikuwa naye mmoja tu." Ijumaa iliyofuata yeye ndiye aliyempeleka baba yake, akaegesha mbele ya mlango, akamsubiri garini, vioo vyote chini, aonekane vizuri. Ile miaka mitano inahesabiwa toka siku hiyo.

Kwenye matanga Ghassan alipokea pole kwa niaba ya ukoo. "Ndugu yangu alikuwa mtu safi," akisema. Millicent alifika kwa kina mama, nguo imelowa jasho. Yeye na Kamau walikuwa wameacha gari mbali, wakatembea na jua lote lile. "Hatukutaka kuwaletea maneno," akamwambia Shurooq. Shurooq akatoka mpaka barabarani. "Kamau, ilete hapa. Iweke nyuma ya gari ya ami Ghassan."

Na mimi ninayesema? Gari ile nilipoiona hotelini, niliipigia honi ya salamu. Ilipohamia ng'ambo ya barabara, nilipiga simu. Mbili.

Shurooq mwanangu, pole sana. Kamau, Millicent na wenzenu, poleni, nanyi ni wafiwa. Sisi wengine tujiulize tunamlinda nani tunaponyamaza, na tunamuua nani tunaposema.

Ijumaa hii saa kumi, wasikilizaji wapendwa, mkipita Qurum mtaiona gari nyeupe ya Yaqdhan mbele ya mlango ule. Ataiendesha Shurooq. Kaomba zamu ya baba yake, anakwenda kupika chai. Haya, pigeni simu.