Nusu ya Wimbo wa Fundi Bomba

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja, na familia imenituma nisome habari zake, ingawa sauti yangu leo siiamini.

Kaka yetu, mliyemwita Fundi Bomba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha karakana alimofanya kazi baba, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya mtaro huu unaotenganisha mitaa yetu miwili, hadi mwaka 1972, akafukuzwa kwaya ya shule mara mbili kwa kuwaharibia wenzake, na kwa kweli, Mungu anisamehe, kaka hakuwa na sauti, alikuwa na masikio tu.

Mwaka 1976 aliajiriwa idara ya maji, akafunga mabomba pande zote mbili za mtaro, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini, na tarehe 14 Juni 1983 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani, huyu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Mtoto huyo mnajua alivyokufa. Tarehe 2 Februari 2001 watu wa Juu na wa Chini walirushiana mawe penye bomba la maji, naye alikuwa anampelekea baba yake spana, jiwe likampata kichwani, na hadi leo hakuna aliyekiri lilitoka upande gani.

Mwaka ule ule kaka alianzisha kwaya, tukadhani msiba umemchanganya, akawafundisha watu wa Juu nusu ya kila wimbo, na wa Chini nusu iliyobaki, akakataa katakata kumpa mtu yeyote wimbo mzima, hata mkewe, hata mimi niliyembembeleza wee, akisema anayetaka kuusikia wote avuke mtaro. Mkavuka, kwanza mmenuniana, baadaye mkaozana, na kwa miaka mingi hakuna aliyeguswa penye bomba lile.

Mwaka 2023 madaktari walitwambia ana saratani ya koo, na mwaka jana, bomba lilipokauka, mkaanza tena, maneno kwanza, kisha mawe, kwaya ikavunjika, naye kila Alhamisi, siku ya mazoezi, akataka tumpeleke ukumbini mlimokuwa mkiimba, akakaa mbele ya mabenchi matupu na ile spana aliyokuwa akipelekewa na mwanawe, ndiyo aliyoongozea nyimbo miaka yote, mpaka giza likaingia. Alifariki Alhamisi iliyopita, tarehe 6 Novemba, saa tano asubuhi, na nasema wazi, koo lilimtesa, lakini mabenchi yale ndiyo yaliyommaliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani aliyemfulia shuka bila kuombwa, wenzake wa idara ya maji waliochimba kaburi, na ninyi nyote mliokuja, ingawa mmekaa mbalimbali, Juu huku, Chini kule, na wifi yangu katikati hajui amwegemee nani.

Kaka aliacha wimbo wa kuzikiwa, nusu mnayo ninyi, nusu mnayo ninyi, mimi sina hata mstari. Asubuhi watu wa Juu waliuanza, wakafika pa kuitikiwa, ninyi wa Chini mkatazama kando, wifi yangu akajifunika uso. Sina la kuwatisha nalo, nimechoka hata kuwasihi. Nikiketi wataanza tena, na ninyi wa Chini msipoitikia, tutamfukia hivyo hivyo, na nusu yake.

Kaka, pumzika kwa amani, kama hawa watakupa.