Mwalimu Nusu: Kalamu Ishikwe na Asiyejua

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, kitinda mimba wa mama mshonaji wa nguo na baba mpaka rangi wa mabehewa. Mama yake alikuwa na mtindo mmoja: alianza kupinda ukingo wa gauni, akifika katikati anamsukumia binti. "Haya, malizia." Binti akilalamika kwamba hajui, anajibiwa, "Ungejua ningekupa lote."

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, na mwaka 1971 akajiunga na chuo cha ualimu. Huko alikutana na nadharia iliyomkaa moyoni maisha yake yote: kwamba mtoto si debe la kujazwa maji, bali hujifunza kwa kuzungumza na kufanya kazi na wenzake na wakubwa wake, na kwamba kati ya anachokiweza peke yake na anachokiweza akisaidiwa ipo nafasi, na hapo ndipo mwalimu asimame. Alicheka darasani. Mkufunzi alipomuuliza kulikoni, alisema, "Samahani, nimemwona mama." Lakini alikiri kwamba mama yake aliwaachia watoto wote nusu ile ile, ilhali nadharia ilimfundisha kumpa kila mtoto msaada wa kiasi chake, na kuupunguza kadiri anavyopata nguvu.

Alianza kazi Januari 1974, darasa la nne. Wiki ya kwanza aligeuza madawati yakatazamana. Ubaoni alifanya nusu ya hesabu, akaweka chaki chini, akasema, "Haya, semezaneni." Wanafunzi wakambatiza Mwalimu Nusu, na jina likamng'ang'ania hadi uzeeni. Mkuu wa shule, mpenda utulivu, alisimama mlangoni.

"Mwalimu, hili ni darasa au soko?"

"Soko, mkuu. Ila hapa hakuna anayerudi nyumbani na kikapu kitupu."

Mkuu hakucheka. Alimpa muhula mmoja: matokeo yakishuka, madawati yarudi kwenye mistari.

Yalishuka. Tusimpambe marehemu, yalishuka vibaya. Waliojua walikuwa wakiwafanyia kazi wasiojua, na wasiojua wakishangilia. Alirudi nyumbani akalia, kesho yake akaenda kuomba muhula mwingine, akapewa, na ukutani akabandika sharti jipya: anayejua aseme, kalamu ishikwe na asiyejua. Muhula huo matokeo yalipanda, na msichana ambaye hakuwahi kufungua mdomo darasani alikutwa akimweleza mwenzake hesabu za sehemu. Mkuu alichungulia dirishani, akaenda zake. Mwaka uliofuata madawati ya darasa la tano nayo yalitazamana. Alifundisha hadi alipostaafu mwaka 2012.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na fundi baiskeli. Walijuana siku alipompelekea gurudumu lenye pancha, akamwambia, "Wewe anza tu, nitamalizia mwenyewe." Fundi aliwaambia wenzake, "Mteja huyu atanifilisi. Bora nimuoe." Walijaliwa watoto watatu.

Agosti 2021 alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yakampotea. Mzee, mumewe, kwa mapenzi alimlisha, alimvisha, alimmalizia kila neno. Marehemu akazidi kunyamaza, nasi tukaogopa kwamba hatutaisikia sauti yake tena. Ndipo binti yao wa pili, muuguzi, aliposema kwa upole, "Baba, kalamu ishikwe na nani?"

Mzee alitoka nje. Aliporudi, alimwekea mkewe kijiko mkononi. Tangu hapo, kila asubuhi alianza sentensi na kuiacha njiani. "Mvua..." Kisha anasubiri, wakati mwingine hadi chai inapoa. "Imenyesha," anasema marehemu hatimaye, jasho likimtoka. Mwaka uliofuata aliweza kumgombeza mzee sentensi nzima nzima, na hakuna mume aliyewahi kufurahia kugombezwa kiasi hicho.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2024 moyo wake ulichoka, na daktari hakutuficha. Asubuhi ya tarehe 3 Machi mzee aliketi kando ya kitanda, kikombe mkononi. Marehemu ndiye aliyeanza.

"Fundi, chai yako..."

Mzee alikwama. Marehemu hakumsaidia. Alimsubiri, kama alivyowasubiri watoto wa watu miaka yote ile.

"Imepoa, mama watoto."

"Umeweza," akasema.

Mchana huo alilala, asiamke tena.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mkubwa, na wanafunzi ambao leo wamelijaza eneo hili, wengine wakiwa walimu wenye madawati yanayotazamana.

Mwalimu, nusu yako umeimaliza. Pumzika kwa amani. Kalamu tumeishika.