Riziki na Kikombe cha Boston

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Riziki binti Nassoro wa Ng'ambo, Unguja, aliyefariki Doha mwaka 2013. Tatu, mpishi aliyefanya naye kazi nyumba moja, hataki tuseme "aliyefariki". Anasema: "Sema aliyezuiliwa." Basi, aliyezuiliwa.

Riziki alikuwa mtoto wa sonara. Kwao fedha haiachwi iingie weusi. Weusi ni aibu ya mwenye nyumba. Sikukuu ikikaribia, vyombo huteremshwa vyote, vikasuguliwa kwa majivu na ndimu. Ndivyo alivyolelewa.

Nyumba aliyotumikia, pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, ilikuwa na kikombe kikubwa cha fedha chenye kifuniko. Kilifuliwa Boston, Marekani, enzi za mafundi waliokuwa wakiyeyusha sarafu za watu wawafulie vyombo. Chini kina chapa ya fundi. Riziki alimwambia Tatu kwamba babu yake naye aliyeyusha riyali akafua mitali ya kuvaa miguuni, kwa hiyo fundi yule ni jamaa yake, ila hawajaalikana harusini tu.

Idi ilipokaribia, akakishusha. Majivu na ndimu. Kikameremeta kama kimetoka kufuliwa jana. Chapa ikafifia.

Kumbe bwana wa nyumba aliutaka ule weusi. Ule weusi ndio uzee wa kikombe. Nani alimwambia Riziki? Hakuna. Nasema tena, hakuna.

Kisha habari ikaja kutoka Unguja kuwa baba yake ni mgonjwa. Akaomba ruhusa ya kutoka nchini. Bila saini ya mwajiri, mtu haondoki. Akajibiwa hatoki mpaka kikombe kirudi kilivyokuwa. Weusi wa miaka mia mbili! Riziki akasubiri, presha ikampanda, Ramadhani iliyofuata ikamkuta palepale. Akaanguka jikoni, mikononi mwa Tatu.

Jeneza lake lilipata ruhusa wiki ileile.

Mzee Nassoro, mgonjwa yule, ndiye aliyempokea. Alisema: "Mwanangu alisugua nilivyomfundisha. Kama ni kosa, wangenidai mimi."

Mzee wetu, poleni. Dada Tatu, pole. Mungu amrehemu Riziki. Nanyi wenye mtu jikoni anayewasugulia vyombo: akiomba leo kwenda kumwona mzazi wake, mtamjibu nini?

Tatu anasema kikombe kimeanza kuingia weusi tena. Kinarudi kilivyokuwa. Riziki je?