Kijiko Kimoja Kabla ya Sufuria Kuchemka

Jumatano, tarehe 10 Septemba 1975, katika jiko la kijiji chetu cha Ujamaa, hapa tambarare ya Same, marehemu Asnath Zebedayo Mgonja alifungua chupa ya nyanya za akiba, akachota kijiko kimoja, akaonja chumvi kabla ya kuzimimina sufuriani, na jirani yake Koleta, aliyekuwa akipika naye chakula cha wageni wa wilaya, akamtania, "Dada, ukionja hivyo wageni watakuta sufuria tupu," naye akajibu kwamba chumvi ikizidi atakayeulizwa ni Koleta. Nyanya zikachemka pamoja na maharage, watu wakala, wala hakuna mwingine aliyeugua. Familia imetaka historia hii ianzie hapo, kwa sababu tangu juzi yamesemwa maneno mengi juu ya Koleta, kwamba alimroga akamfunga ulimi, na si haki Asnath azikwe nayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 huko Mamba, Upare Kusini, mtoto wa tatu wa Mzee Zebedayo Mgonja na Mama Lukia, wakulima wa kahawa na ndizi, akabatizwa katika Kanisa la Kilutheri, akasoma shule ya msingi hukohuko Mamba, kisha shule ya kati aliyoimaliza mwaka 1955, na baada ya mafunzo ya maendeleo ya jamii akaajiriwa Desemba 1961, mwezi uleule nchi ilipopata uhuru, kuwa Bibi Maendeleo, kazi aliyoifanya zaidi kwa miguu, kutoka Usangi hadi Mamba, akiwafundisha akina mama kusoma, kushona na kulisha watoto, huku akigombana na kila mwenye nyumba aliyetupa chakula.

Tarehe 15 Desemba 1962 alifunga ndoa na Eliezeri Mmbaga, mwalimu wa Biolojia aliyehitimu Makerere, wakajaliwa watoto wawili, Priska mwaka 1964 na Sylvester mwaka 1967, na mwaka 1974 familia ikashuka kuja kuanza maisha katika kijiji hiki.

Julai mwaka huu nyanya za shamba la pamoja zilivunwa, lori lililotarajiwa likachelewa, zikakaa kwenye matenga mpaka ukungu ukaota kwenye vikonyo, na katika mkutano wa kijiji wapo waliosema zitupwe, lakini Asnath alisimama akasema, "Jasho la wote halitupwi, tukate palipooza, pazuri tuweke akiba," nasi sote tukakubali, akina mama wakakata, wakachemsha, wakajaza chupa na kuziziba kwa nta. Ilikuwa nia njema, na familia haimlaumu mtu.

Mume wake anaomba jambo hili lieleweke. Nyanya nzima ina uchachu, na uchachu huo huzuia vijidudu fulani vya udongoni visikue, lakini ukungu huula uchachu, na nyuzi zake hupenya ndani zaidi kuliko kisu kinavyoweza kufika, kwa hiyo mbegu za vijidudu hivyo, ambazo hazifi kwa kuchemsha kwetu kwa kawaida, zikifungiwa chupani pasipo hewa huamka na kutoa sumu kali, ambayo huenda isibadili rangi wala ladha. Sumu yenyewe huharibika ikichemshwa vizuri, ndiyo maana waliokula kutoka sufuriani walinusurika, na yeye aliyeionja kabla haijapata moto hakunusurika.

Alhamisi jioni aliona taa mbili mahali penye moja, kope zikamlemea, Ijumaa sauti ikafifia na maji yakakataa kupita kooni, akapelekwa hospitali, ambako akili yake ilibaki timamu, akiwajibu watu kwa kuwabana kidole, mpaka pumzi ilipomwishia Jumapili alfajiri, tarehe 14 Septemba. Hakufungwa ulimi na mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao ndio waliouliza alikula nini na alikulaje, akina Bibi Maendeleo wenzake walioshuka kutoka milimani, majirani walioleta kuni na maji, na Koleta, aliyekaa kando ya kitanda chake siku zote bila kubadilishana zamu na mtu. Mwenye chupa ya nyanya hizo ambayo bado iko nyumbani anaombwa asiifungue, asionje hata kwa ncha ya ulimi, aikabidhi kwa mume wake, Mwalimu Eliezeri.

Jana, Jumatatu asubuhi, Mwalimu Eliezeri alikwenda kwa Koleta, akamkuta amejifungia ndani, akabisha hodi mpaka akafunguliwa, wakapita pamoja nyumba kwa nyumba wakikusanya chupa, wakazichemsha ndani ya pipa mpaka adhuhuri ilipokaribia, wakazifukia chini ya mtaro, kisha Mwalimu akarudi naye jikoni kwa Koleta, akaomba ugali, akala mlango ukiwa wazi, watu wakipita, na alipomaliza akanawa, akamwomba awe mpishi wa msiba huu, naye akakubali, na chakula kinachotungoja tukitoka makaburini amekipika yeye.

Lala kwa amani, Mama Priska.