Karibu Korona, Njoo na Mbwa Wako

Jumamosi hiyo kijiweni kwa Yassin, pale barabara ya kutoka Mikumi inapoingia Kilosa, kahawa ilikuwa ya moto, kashata zilikuwepo, na Optatus hakugusa hata kimoja. Alikaa mwisho wa benchi, shati limenyooshwa, buti zimepigwa rangi, macho barabarani, akimngoja mgeni wake wa kwanza. Kiangazi chote, wenzake wakisafisha mashamba, yeye alikuwa anafyeka njia ya zamani ya reli ya toroli kwenye lile shamba la mkonge lililokufa, kuanzia barabarani mpaka kiwandani, ili watu wa mjini waje kutembea na mbwa wao. Ndiyo, na mbwa. Waliocheka walishacheka, na wengine walikuwa wanaendelea. Shemeji yake wa Ruaha alishamtafutia kibarua cha kukata miwa, na Agnesi, mkewe, alikuwa amesema bila kumung'unya maneno: mgeni asipotokea leo, Jumatatu panga linahamia kwenye miwa.

— Kakwama wapi huyo mgeni wako? aliuliza Mzee Abubakari. Kijiwe kilimwita Stesheni, maana alizaliwa kwenye nyumba za reli na hakuna safari ya mtu ambayo hakuwa na maoni nayo.

— Yuko njiani, mzee. Alitaka kuingia hifadhini Mikumi, getini wakamwambia mbwa haruhusiwi. Shemeji yangu Naomi anafanya kazi gesti moja kule, ndiye aliyempa namba yangu.

— Mzungu?

— Mama wa Morogoro.

— Mtu wa Morogoro, mzima, hajapotelewa na ng'ombe, anatembea porini na mbwa?

— Ni mazoezi.

— Ya nani? Yake au ya mbwa?

Yassin alicheka mpaka akamwaga kahawa. Optatus naye alijitahidi kucheka. Tangu asubuhi simu ya yule mama ilikuwa haipatikani, na kuku aliyechinjwa kwa ajili yake alikuwa ameshaiva.

Mara ikaingia bodaboda ya Lupakisyo, jina la kijiweni Taarifa. Hakuzima hata injini.

— Opta, tangazo lako limeua!

— Limeua nani?

— Biashara yako! Basi limepita pale, abiria wote wamefunga vioo. Konda kavaa barakoa!

Tangazo lenyewe Optatus alilipaka kwa rangi nyekundu kwenye ubao, akalisimamisha kando ya barabara: KARIBU KORONA. NJOO NA MBWA WAKO. Kwa watoto wa mkonge, korona ni korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, na kiwanda kizima nacho kikaitwa hivyo hivyo. Baba yake, manamba aliyeletwa kwa mkataba kutoka Songea, alifanya kazi korona mpaka siku ilipofungwa. Optatus alikua akipeleka chakula korona, akacheza korona, akachapwa kwa kuchezea korona. Alipokuwa anaandika lile neno, ugonjwa haukumjia kichwani hata kidogo.

— Sasa mtu atafikirije ni maradhi? alilalamika. Nani anakaribisha maradhi kwa ubao?

— Serikali, akasema Taarifa. Watu wanajua ni chanjo. Kuna mfugaji katoka Msowero, yuko kwako sasa hivi na kundi la mbwa, anauliza sindano inachomwa saa ngapi.

— Toba! Na Agnesi?

— Kawapa maji.

— Amesema nini?

— Wale mbwa kaongea nao vizuri tu. Wewe hajakutumia salamu.

Optatus alishika kichwa. Stesheni akamsogezea kikombe.

— Kunywa, baba. Tatizo si ubao. Mbwa wa mjini analala kwenye zulia, anakula wali na maini. Ameona milima yetu dirishani, akakataa kushuka. Wewe ulitakiwa uwe na toroli ya kumbebea.

— Siyo, mzee, akadakia Taarifa, ameshazima pikipiki na kukaa. Ni harufu. Barabara ya Mikumi ile simba anapita kama kwake. Mbwa akinusa simba anaingia chini ya kiti, hatoki mpaka Dodoma. Yule mama saa hizi yuko Dodoma, analia.

— Dodoma afuate nini, naye anakuja Kilosa?

— Anamfuata mbwa!

Yassin muda wote huo alikuwa anapuliza makaa. Sasa akainama na kushusha sauti, ingawa barabarani hapakuwa na mtu.

— Nyie mnaongea utoto. Jiulizeni. Mtu na akili zake anatoka Morogoro kuja kuangalia kiwanda kibovu, na mbwa. Mbwa anayenusa. Pale korona chuma kilikwenda wapi?

— Kwa hiyo ni mpelelezi? akauliza Taarifa.

— Mbwa ndiye mpelelezi. Mama ni dereva tu.

— Mlango wangu wa choo, akasema Stesheni taratibu, nilipewa na marehemu msimamizi. Kwa mdomo wake.

— Na hilo jiko lako, Yassin? akauliza Taarifa.

— Hili niliokota!

— Uliokota ndani ya kiwanda?

Kisha wote, mmoja mmoja, wakatazama walichokalia. Mbao zilikuwa za mwembe, lakini miguu na mihimili ilikuwa vipande vya reli ya toroli, vizito, vyenye namba za kampuni ya zamani. Taarifa akatandaza koti lake juu yake.

— Mnanitania, akasema Optatus, na sauti ilimtoka na uchungu kweli. Mimi nimefyeka njia ile peke yangu. Nimetoa miiba mpaka mikono ikavimba. Nataka mtu mmoja tu aje aseme pazuri. Mmoja. Halafu mkitaka kucheka, chekeni.

Stesheni alijisikia vibaya, ikaonekana usoni.

— Pazuri, mwanangu. Nani kasema pabaya? Ila na wewe tuambie ukweli. Mbwa unawaweza?

— Mimi na mbwa? Damu moja!

Alidanganya. Optatus alikuwa anavuka barabara akiona hata kambwa kachanga. Siku alipokubali kwenye simu, alisikia “mgeni” na “matembezi”, na neno “mbwa” akaliacha lipite, akidhani litajitatua lenyewe huko mbele.

Gari dogo lenye vumbi likasimama mbele ya kijiwe. Mlango ukafunguka, akatoka mbwa wa rangi ya kahawia, mkubwa, masikio yamesimama. Hakubweka. Alikuja moja kwa moja, akaweka pua kwenye reli ya benchi, akaanza kunusa kwa makini, mguu wa kwanza, wa pili.

Vumbi lilipotulia, kijiwe chote, Optatus akiwemo, kilikuwa kimesimama juu ya benchi. Stesheni alikuwa katikati, kashikiliwa na Taarifa, au Taarifa kashikiliwa naye. Yassin alipanda na birika lake. Baadaye alieleza kwamba ni kwa sababu ya udhu, asiguswe na pua ya mbwa.

Akashuka mama wa makamo, kofia ya jua, raba miguuni, kamba ya mbwa mkononi. Alitazama juu.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu, akajibu Stesheni kutoka kule juu, kwa heshima zote. Habari za safari?

— Nzuri. Samahani nimechelewa, simu imeisha chaji. Halafu nimelikuta lile tangazo lenu, nimecheka mpaka nikapitiliza kona. Nimelipiga na picha.

Mbwa alimaliza kunusa, akaketi, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

— Kiongozi wangu ni yupi kati yenu?

Taarifa alitazama nyaya za umeme. Yassin alikoroga kahawa iliyokwisha. Stesheni alifumba macho kabisa, asije akamtazama mtu kwa bahati mbaya akamharibia. Optatus alimwangalia mbwa, akaifikiria miwa ya Ruaha, mistari na mistari ya miwa, na jua lake.

— Shikamoo, mama, akasema. Ni mimi.

Na mguu wake mmoja ukaanza kushuka benchi, kutafuta ardhi.