Lundo la Siku Nne

Siku ya nne hiyo taka hazijazolewa, na kijiwe kizima kilikuwa hoi. Benchi lilisogezwa mara mbili kulikimbia lundo, lundo nalo likawafuata. Chapakazi, mzoa taka wa mtaa, yuko kitandani: Jumatatu alibeba mfuko, sindano iliyokuwa ndani ikamdunga kidole, na vidonge vya kuzuia maambukizi alivyopewa hospitali vinamtapisha hadi nyongo. Fundi Redio alijikalia pembeni na kahawa yake, akiomba Mungu leo wazungumze mpira. Wapi!

— Wahenga walisema akiba haiozi, alianza Wakili, ambaye sheria alizisomea hapo hapo kwenye benchi. Haya, tazameni akiba yetu.

— Akiba gani inanuka hivi? alisema Kinyozi, pua ameiziba. Wateja wananikimbia.

— Nyamaza wewe. Sindano ile ni ya hospitali. Wanazimwaga mitaani tuugue, turudi kwao.

— Hospitali ije imwage sindano moja, tena kwenye mfuko wa maganda ya vitunguu?

— Basi ni ya kwako. Mwenye vitu vya makali hapa ni nani?

— Mimi natumia wembe, bwana! Usinipake matope.

— Mficha uchi hazai.

— Nina watoto sita!

Wakacheka, kicheko cha watu waliolala vibaya. Muuza kahawa naye akachomeka lake: kuna mtu anadunga kuku wanenepe.

— Kuku wapi! Wakili akadakia. Ni panya. Wanadungwa wawe wakubwa, wale taka zote, halafu wakubwa wa serikali waseme wamesafisha mji.

— Ndiyo maana paka siwaoni siku hizi, alisema muuza kahawa.

— Fundi, mbona kimya? aliuliza Kinyozi.

— Inaweza ikawa panya, alisema Fundi Redio, na aibu ikamshika papo hapo.

Sindano ilikuwa yake. Mwaka mzima anajidunga dawa ya kisukari chooni, kwa siri, hata mkwewe anayeishi naye hajui. Zilizotumika anazificha kwenye pakiti tupu la unga, pakiti linatupwa na taka za jikoni. Aliogopa kuitwa mgonjwa. Kijiweni mgonjwa leo anapewa pole, kesho anapimiwa sanda. Na asubuhi hii hii amemwona mkwewe akitupa mfuko mwingine, wa kijani, juu ya lundo. Akanywa kahawa.

Mara likasikika gurudumu bovu. Alikuwa mke wa Chapakazi, anasukuma mkokoteni wa mumewe, mikono mitupu bila glavu.

— Shemeji! Mzee anaendeleaje?

— Anatapika tu. Na watu wanataka taka zao ziondoke. Akainama, akaanza kupakia. Daktari anasema mwenye sindano akijulikana, akapimwa damu ikawa safi, vidonge vinaweza kusimamishwa. Sasa nitampata wapi, jamani?

— Shemeji, sisi tumechunguza, alisema Wakili. Ni panya.

Mkono wa mama huyo ulikuwa umeufikia mfuko wa kijani.

— Usiguse!

Fundi Redio alikuwa amesimama, kahawa imemmwagikia magotini.

— Usiguse huo, shemeji. Una sindano ndani. Ni zangu. Na ile ya Jumatatu ilikuwa yangu. Nina kisukari. Twende wakanipime, sasa hivi.

Mama akainuka taratibu, akajifuta mikono kwenye gauni. Hakupiga kelele, na Fundi aliona heri angepiga.

— Jumatatu nilipita hapa nalia, alisema. Wote mlikuwepo, mkanipa pole. Wewe ukanishika mkono kabisa. Siku ile ulikuwa unajua?

Kinyozi akatazama chini. Fundi Redio jibu alikuwa nalo; akakiweka kikombe kwenye benchi.

Mama akauacha mkokoteni katikati ya njia.

— Tangulia mbele, akamwambia. Nataka nikuone.