Friji la Wajukuu

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya mshona viatu, linatazamana na zahanati. Ukikaa pale unamwona kila anayeingia na kila anayetoka. Ndiyo maana miaka miwili iliyopita, walipokuja wale wataalamu na friji lao la sola na kuuliza ni watu gani wanaokaa jirani na zahanati kila siku bila kukosa, mtaa mzima ulitunyooshea kidole. Tukawa Kamati. Mshona viatu akawa Mwenyekiti, kwa kuwa ni yeye tu mwenye kiti. Sisi wengine ni wa benchi. Kinyozi, tunayemwita Profesa kwa sababu husoma magazeti kabla hajafutia nyembe, akapewa sayansi. Fundi wa redio akawa Fundi. Mimi, karani mstaafu, nikawa katibu maana nina kalamu. Tulikwenda semina siku mbili, tukapewa fulana, tukapigwa picha, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kutuambia kitu kuhusu sayansi.

Sasa sikiliza ya Jumatano. Sista wa zahanati ni mgeni, hana hata mwezi hapa. Alipofika tu aliliona friji stoo, akatung'ang'ania mpaka tukampa ufunguo, halafu akaagiza chanjo. Hazijawahi kuletwa kwetu. Wazazi huzifuata hospitali kubwa, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nilifurahi kuliko wote, kwa sababu mtoto wa binti yangu ametimiza miezi tisa, anadaiwa chanjo ya surua, na surua imeshaingia mtaa wa nyuma. Binti alitaka kumpeleka hospitali kubwa tangu Jumatatu. Nikamkataza mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Nikamwambia, uende wapi na jua lote hili, na baba yako ana friji?

Jumatano saa mbili asubuhi, Sista akavuka barabara akaja kusimama mbele yetu.

— Wazee wangu, shikamooni. Friji haliwaki. Gari la chanjo linafika saa sita, na kipimajoto kisiposoma baridi sipokei hata kichupa kimoja.

Akarudi kazini kwake. Tukafungua kikao.

MWENYEKITI: Kahawa kwanza. Hili jambo ni zito.

Shangazi akamimina. Shangazi ndiye muuza kahawa wa kijiwe. Hayumo kwenye Kamati kwa sababu siku ya uchaguzi alikuwa anafanya kazi.

FUNDI: Mimi nahisi waya.

PROFESA: Waya gani bwana! Wamelizima wenyewe kule kule lilikotengenezwa. Mitambo ya siku hizi inaongea na setilaiti. Mtu yuko ofisini kwake, anabonyeza, huku kwetu giza.

MWENYEKITI: Walizime kwa sababu gani?

PROFESA: Fikiri kidogo. Wamevumbua, wamepewa tuzo, wamepiga picha na sisi. Hili likiendelea kufanya kazi, kesho watavumbua nini? Lazima life ili wapate kazi.

MWENYEKITI: Hapo umenena.

FUNDI: Mnapoteza muda. Ni jua.

MIMI: Jua limefanyaje? Si hilo hapo, linatuunguza?

FUNDI: Ndiyo hilo hilo! Wenzetu jua lao linatoka kwa miadi. Dakika kumi, limerudi ndani. Friji limezaliwa huko, tumbo lake dogo. Likaja hapa likalishwa jua kutwa. Limevimbiwa.

Huwezi kuamini, lakini nilikuwa nimeshaandika "limevimbiwa" kwenye daftari la kumbukumbu kabla sijajishtukia. Tena niliandika kwa mwandiko mzuri.

MWENYEKITI: Kwa hiyo tulipe nini? Dawa ya tumbo?

PROFESA: Mwenyekiti, hebu tuheshimu sayansi.

SHANGAZI: Kwani kwenye semina hawakuwafundisha kuliwasha?

PROFESA: Shangazi, semina ile ilikuwa ya mambo makubwa. Kuwasha ni mambo madogo. Sisi tulifundishwa uendelevu.

Ni kweli. Kwenye daftari langu neno "endelevu" limeandikwa mara arobaini na moja. Uvumbuzi endelevu, baridi endelevu, hata chakula cha mchana mtoa mada alikiita endelevu, na kikaisha kabla Fundi hajafika. Siku ya pili Mwenyekiti alijikaza akauliza neno hilo maana yake nini. Yule mtaalamu, kijana mpole sana, akasema: ni kutumia leo bila kuwapunja wajukuu zenu. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Jioni tukakaa hapa hapa tukalichambua, tukaona hakuna njia ya uhakika ya kutowapunja wajukuu kuliko sisi kutolitumia kabisa.

Basi tukalitunza. Hatukulibandua nailoni. Mlango tukaufunga kwa kamba, stoo tukaitia kufuli, ufunguo ukalala kwenye kisanduku cha misumari cha Mwenyekiti. Kila mwezi tulifungua, tukalifuta vumbi, tukalisifia, tukafunga. Na usinicheke, maana najua kwako kuna rimoti iliyovikwa nailoni. Mimi kochi langu la wageni lina nailoni mwaka wa kumi na moja huu, mgeni akikaa linapiga kelele kama bata, na sijaona aibu hata siku moja.

SHANGAZI: Lakini friji si ni la kupozea?

PROFESA: Shangazi, wewe unaongea kama hao waliolivumbua. Wao wana friji la chakula, friji la vinywaji, pengine mpaka la mbwa. Mtu anafungua mlango usiku anatazama tu, anafunga, anarudi kulala. Likifa, kesho yake analo jingine. Hili letu likifa, nani atatupa la pili?

Profesa husema mengi ya ovyo, ila hilo lilituingia. Mtaa mzima friji moja, na zahanati ilisubiri miaka mingi kulipata. Tulikuwa tunaogopa, basi. Hatukuwahi kuliandika hilo kwenye daftari, lakini tulikuwa tunaogopa.

MWENYEKITI: Katibu, ile namba iliyobandikwa ubavuni umepiga?

MIMI: Nimepiga mara mbili. Anapokea mama mmoja mwenye sauti nzuri, anaongea lugha yao bila kupumua. Nikimsalimia haitikii, anaendelea.

PROFESA: Si nimesema? Wanatukwepa.

FUNDI: Na skrubu zake zina pembe tano. Nina bisibisi kumi na nne pale kibandani, hakuna hata moja inayoingia. Mtu anakupa kitu, halafu anakifunga usikione ndani! Kwa nini? Tungekula?

MWENYEKITI: Wanaficha jambo. Mimi nasema mle ndani hamna kitu. Ni boksi tupu. Tumelinda boksi miaka miwili.

PROFESA: Au lina kamera. Linatuchunguza namna tunavyoishi bila baridi, ili wavumbue dawa yake.

FUNDI: Ndiyo maana ile taa ilikuwa inakonyeza siku walipolileta!

Saa tano ilikuwa imeshapita. Vikombe vilikuwa vya tatu. Shangazi alikuwa anasuuza birika, akauliza bila hata kugeuka:

SHANGAZI: Samahani wanakamati. Lile turubai kule juu mliliondoa lini?

Fundi akatazama viatu vyake. Mwenyekiti naye akavitazama viatu vya Fundi, kwa jicho la kikazi.

Lile turubai. Lilikuwa wazo la Profesa, nasi tukaliunga mkono kwa kura zote. Alisema jua linachakaza rangi ya milango, linachakaza nguo kwenye kamba, linachakaza hata sura ya mtu. Paneli za vioo zitasalimika vipi? Tukapanda juu ya paa na fulana zetu za semina, tukazifunika paneli zote, tukafunga kwa kamba nane. Niliandika mwenyewe: Kamati imefanikiwa kukinga mitambo ya jua dhidi ya jua.

— Mungu wangu, nikasema.

Usingeamini wazee wale wanaweza kukimbia. Fundi na Profesa walipanda ngazi, Mwenyekiti akaishika, mimi nikaushika mkono wa Mwenyekiti. Kamba zilikuwa zimekaza, Profesa akazikata kwa wembe. Turubai likaanguka na vumbi la miaka miwili, likatufunika sisi tuliobaki chini. Na ndani ya stoo, taa ya kijani ikawaka, friji likaanza kunguruma. Tulikumbatiana! Mwenyekiti alitokwa machozi, kweli kabisa. Profesa akatangaza kwamba huo ni uvumbuzi wetu wenyewe, bila msaada wa mtu.

Sista akatoka na kijitabu cha friji mkononi. Alisubiri tumalize kupongezana.

— Limewaka, akasema. Ila kijitabu kinasema likiwashwa upya lipewe siku tatu lipoe, ndipo liwekwe chanjo.

FUNDI: Siku tatu? Gari si la saa sita?

PROFESA: Tukilipepea?

Sista akakifunga kijitabu. Sijui alitoa wapi uvumilivu ule. Gari lilikuja saa sita kasoro, dereva hakuzima hata injini. Sista alimsihi amwachie chanjo za watoto waliokuwepo tu. Dereva akasema, kwa upole, kwamba hana ruhusa ya kufungua sanduku njiani na ana vituo vingine vinamsubiri. Zamu yetu tena ni baada ya miezi mitatu. Akageuza.

Tukarudi benchini. Hakuna aliyemwita Shangazi amimine kahawa.

Binti yangu akaja akiwa anatembea haraka, mtoto amelala mgongoni, amevikwa kikofia chake cheupe cha kutokea. Mama yake alimvalisha hivyo kwa ajili ya friji langu.

BINTI: Shikamooni wazee.

Tukaitikia marahaba.

BINTI: Baba, Sista ameniambia.

MIMI: Mwanangu, ni miezi mitatu tu...

BINTI: Yule mtoto mwenye surua, wa mtaa wa nyuma, alilazwa jana usiku. Hapumui vizuri.

Mwenyekiti akaona ajaribu yeye, maana ndiye mkubwa wetu.

MWENYEKITI: Usitufikirie vibaya, binti yetu. Tulilitunza. Nenda kalitazame, halina hata mkwaruzo.

PROFESA: Liko vile vile lilivyotoka kiwandani.

BINTI: Nimeliona, baba zangu. Ni zuri. Naomba kuuliza tu. Katika miaka miwili hiyo, limewahi kupoza nini?

Hakuuliza kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza. Fundi akajikuna. Wote wakanigeukia mimi, katibu, nami nikafungua daftari nikapekua toka ukurasa wa kwanza: picha, makofi, fulana, kufuli, kamba. Nilifika mwisho nikaanza tena mwanzo, nikitafuta hata chupa moja ya maji.

Hakusubiri nimalize. Alikaza mbeleko, akaaga, akashika njia ya hospitali kubwa, saa sita ile ya mchana.

Nikalitupa daftari kwenye benchi, nikamkimbilia. Nilimkuta mbele kidogo ya duka la vyuma, nikamwambia anipe mtoto nimbebe. Alinitazama kwanza, halafu akamfungua akanipa. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Akaamka mikononi mwangu, akanikodolea macho yale makubwa, asilie wala asicheke, nami nikaona aibu kumtazama.